Siku Tatu za Mlango Kufungwa

 Kila mwezi wa sita, wakati sisi wa Likasi, huku Katanga, tunajifunika mablanketi kwa baridi ya kipwa, kuna mji mmoja wa India unaojaa watu mpaka pa kukanyaga panakosekana. Mji huo unaitwa Guwahati. Uko katika jimbo la Assam, kaskazini mashariki kabisa ya nchi ile, kando ya mto mkubwa Brahmaputra. Watu wanaofika ni mamia ya maelfu, na wote wanaelekea kwenye hekalu moja ambalo mlango wake umefungwa. Wanakuja wakijua kwamba umefungwa. Wanakaa nje siku tatu, wengine chini ya turubai, mvua ikiwanyeshea, wanangoja. Kwa imani yao, Mama wa dunia yuko ndani katika siku zake za mwezi, na mama aliye katika siku zake anaachwa apumzike.

Najua kuna baba mmoja sasa hivi ameinua kichwa akauliza, haya nayo ni mambo ya kusema redioni? Ndiyo, baba, nitayasema, na nitayasema kwa adabu. Mimi ni Mkristo, na sikuja kumshawishi mtu abadili dini yake. Nimelileta jambo hili hapa Likasi kwa sababu mji wetu unaishi kwa kuipasua ardhi. Baba zetu walikula kwa makampuni ya madini, kwanza Union Minière, kisha Gécamines, na vijana wetu leo wanakula kwa sururu na mtarimbo. Nataka tuwasikilize kwanza watu wanaoamini kwamba ardhi ni mwili, tena mwili wa mama, na wakapanga siku za kutougusa. Halafu turudi kwetu tuone babu zetu walisema nini juu ya jambo hilohilo, kwa sababu na wao walisema.

Hekalu lenyewe linaitwa Kamakhya. Liko juu ya kilima cha Nilachal, upande wa magharibi wa Guwahati, na mtu aliyesimama kileleni anauona mto Brahmaputra ukipita chini yake. Kuba lake kuu ni la matofali, nene chini na la kuchongoka juu, kwa umbo la mzinga wa nyuki. Kwa kawaida mtu anapofikiria mungu anatazama juu. Hapa mtu anateremka. Hujaji ananawa kwanza katika bwawa linaloitwa Saubhagya Kunda, anapanga mstari saa nyingi, anapita vyumba vya mbele, kisha anashika ngazi nyembamba za mawe zinazoshuka chini ya usawa wa ardhi. Kuna giza, na mwanga ni wa taa ndogo tu. Joto la miili linambana, harufu ya maua na ubani inamjaa puani, mguu unapapasa ngazi inayofuata kwa sababu mawe yamelowa na yanateleza. Chini kabisa kuna pango dogo, na ndani ya pango hakuna sanamu yoyote.

Hilo ndilo linalowashangaza wageni, maana mahekalu mengi ya Kihindu yana sanamu ya mungu katika chumba cha ndani, imevishwa, imepambwa, ina macho yanayomtazama mtu. Hapa kuna mwamba tu. Mwamba huo una ufa, na ufa huo una umbo la uke wa mwanamke. Chemchemi inayotoka chini ya ardhi inaulowesha mwaka mzima bila kukauka. Juu yake wametandika kitambaa na maua mekundu. Hujaji anapiga magoti, anapeleka mkono, anagusa maji, anajipaka kichwani, na kuhani anamwambia ampishe mwenzake. Mtu amesafiri siku nzima, pengine siku kadhaa kwa treni, na anachokuja kukigusa ni jiwe na maji. Nikifikiria hivyo namheshimu sana aliyeamua, karne nyingi zilizopita, kutoweka kitu kingine pale.

Wahindu wana hadithi ya kueleza jiwe hilo. Sati alikuwa binti wa Daksha, mzee mkubwa mwenye kiburi. Akaolewa na Shiva, mungu anayejipaka majivu na kukaa milimani, na Daksha hakumpenda mkwewe huyo hata kidogo. Siku moja Daksha akaandaa sadaka kubwa, akaalika miungu wote, akamwacha Shiva. Sati akaenda kwa baba yake hivyohivyo bila kualikwa, akakuta mumewe anatukanwa mbele ya watu. Hakuvumilia. Akajitoa uhai palepale penye moto wa sadaka. Shiva akaja, akaibeba maiti ya mkewe begani, akazunguka nayo akicheza ngoma ya msiba, na dunia ikaanza kuyumba kwa uchungu wake. Ndipo mungu mwingine, Vishnu, akamfuata nyuma na silaha yake ya duara, akaukata ule mwili kipande kwa kipande mpaka mzigo ukaisha begani mwa mgane. Kila kipande kilipoangukia, mahali hapo pakawa patakatifu. Hesabu inayotajwa zaidi ni mahali 51. Kichwa, wanasema, kiliangukia Hinglaj, kwenye majabali makavu ya Balochistan, ambako leo ni Pakistan, na Waislamu wa sehemu zile wanapaheshimu pia, wanamwita mwenye mahali Bibi Nani. Tumbo la uzazi liliangukia Nilachal.

Watu wa kwetu hawahitaji mkalimani kuielewa hadithi hii. Ugomvi wa mkwe na baba mkwe, mwanamke akibanwa katikati, mume anayekataa kuzika: hayo tumeyaona kwenye vilio vyetu wenyewe.

Lakini wataalamu wa Assam wanatuonyesha kwamba mahali pale ni pa zamani kuliko hadithi ya Sati. Banikanta Kakati, msomi wa Assam, aliandika mwaka 1948 kitabu kizima juu ya Kamakhya. Alieleza kwamba kabla makuhani wa Kihindu hawajafika, kilima kile kilikuwa mahali pa sadaka pa wenyeji wa milimani, Wakhasi na Wagaro. Wakhasi na Wagaro ni watu ambao ukoo kwao unafuata upande wa mama. Dini kubwa ilipofika ilikuta tayari kuna Mama pale juu. Haikumfukuza. Ilimpa jina katika hadithi yake, na mwamba ukabaki uleule.

Wenyeji wana hadithi nyingine ninayoipenda zaidi. Mfalme Naraka wa nchi ile alimtamani mungu huyu wa kike, akataka kumwoa. Mama akamwambia: sawa, lakini unijengee ngazi ya mawe kutoka chini ya kilima mpaka juu kwa usiku mmoja, na uimalize kabla jogoo hajawika. Naraka akafanya kazi usiku kucha, akabakiza kidogo tu kumaliza. Mama alipoona mambo yanakuwa kweli akamfanya jogoo awike mapema. Naraka akajua amechezewa, akamkimbiza yule jogoo mpaka akamchinja, na mahali alipochinjiwa panaitwa Kukurakata hata leo. Ngazi isiyomalizika bado ipo ubavuni mwa kilima, na watu wanaipanda kwa miguu. Kwa hiyo kila anayeipanda anapita juu ya kazi ya mfalme aliyedhani nguvu zinatosha kumpata Mama.

Jengo tunaloliona leo ni la mwaka 1565. La zamani lilikuwa limevunjwa, na aliyelijenga upya ni Naranarayan, mfalme wa Koch, pamoja na ndugu yake Chilarai, jemadari wa majeshi. Sanamu zao zimo humo hekaluni. Fundi wao anaitwa Meghamukdam, na inasimuliwa kwamba alijaribu kwanza kulisimamisha kuba kwa mawe akashindwa, ndipo akageukia matofali. Halafu kuna kisa cha kusikitisha. Inasemwa kwamba mfalme huyohuyo alisikia Mama anatoka kucheza jioni wakati kuhani wake, Kendukalai, akipiga ngoma, akaomba amchungulie kwa siri. Mama akagundua. Kuhani akafa, na mfalme na uzao wake wakapigwa laana wasikitazame tena kile kilima. Inasimuliwa kwamba watu wa ukoo ule wakipita karibu na Guwahati hufungua mwavuli wakajikinga macho. Aliyejenga nyumba amekatazwa hata kuitazama kwa mbali.

Baadaye wakaja wafalme wa Ahom. Mmoja wao, Siba Singha, aliyetawala kuanzia mwaka 1714, alimkabidhi hekalu kuhani aliyetoka Bengal, na mambo ya ibada yakapangwa kwa utaratibu ambao kwa sehemu kubwa unafuatwa mpaka sasa. Nikitaja tu kidogo: kuna sadaka za wanyama, mbuzi na njiwa na hata nyati, lakini mnyama jike hachinjwi pale. Na kuzunguka hekalu kuu kuna mahekalu mengine madogo ya akina mama wengine, akina Kali, Tara, Bhairavi, kila mmoja na kazi yake na hasira yake.

Sasa tufike kwenye zile siku tatu. Sikukuu inaitwa Ambubachi. Inaangukia karibu na tarehe 22 ya mwezi wa sita, wakati mvua kubwa za masika ya Asia zinaanza kuingia Assam, mto unajaa na udongo unalainika. Wakati huo ndipo wanasema Mama ameingia mwezini. Mlango mkuu unafungwa. Hakuna anayeingia, awe tajiri au waziri. Na jambo hili halikomei hekaluni, ndiyo maana nimelipenda. Nje mashambani, mkulima anayefuata mila haendi na jembe wala plau. Halimi, hachimbi shimo, hapandi mbegu. Nyumbani watu wanaacha ibada zao za kila siku, vitabu vitakatifu vinafungwa. Wajane na watawa hawali kitu kilichopita motoni. Hebu fikiria mama mjane wa mtaa wetu wa Kikula siku tatu bila bukari, anakula matunda na maji, kwa sababu ardhi imepumzika na yeye anapumzika nayo.

Kilimani kwenyewe ni umati. Wanafika watawa waliojipaka majivu, wanafika waimbaji wa Baul kutoka Bengal, wanafika wazee wa uganga na elimu ya siri ambao mwaka mzima huwaoni mjini, na wanafika akina mama wa kawaida kabisa wenye vikapu na watoto mgongoni. Siku ya nne mwamba unaoshwa, ibada inafanywa, mlango unafunguliwa. Watu wanasukumana kwa furaha. Wanagawiwa vipande vidogo vya kitambaa chekundu, vinavyosemwa vimegusa mwili wa Mama katika siku zake, na mtu anakifunga mkononi au shingoni apate kukaa nacho mwaka mzima. Wanapewa pia maji ya chemchemi. Wapo wanaosema kwamba maji yenyewe huwa mekundu siku hizo, na wengine wanaeleza kwamba ni chuma kilichomo udongoni, au ni unga mwekundu wa ibada unaoyeyuka. Hujaji hasimami kubishana. Mwaka 2020 na mwaka 2021, kwa ajili ya korona, mahujaji walizuiwa, lakini mlango ulifungwa na kufunguliwa kwa siku zake kama desturi, na makuhani peke yao ndio waliokuwepo. Mama hakukatishiwa mapumziko kwa kuwa hakuna wa kumngoja nje.

Nisije nikawapaka rangi nzuri tupu. Huko huko India, damu hiyohiyo ya mwezi imewafukuza wanawake kwenye nyumba nyingi za ibada. Katika hekalu la Sabarimala, jimbo la Kerala, kusini ya nchi, wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50 walikatazwa kuingia, mpaka Mahakama ya Juu ya India ilipoamua tarehe 28 mwezi wa tisa mwaka 2018 kwamba katazo hilo halifai. Kukawa na maandamano na fujo, na wanawake wawili walipoingia mwezi wa kwanza mwaka 2019, jimbo zima lilitikisika. Na hata Kamakhya, mwanamke wa kawaida aliye katika siku zake anategemewa abaki nje. Mama wa mwambani anasherehekewa, binti yake anaambiwa asubiri. Mimi jambo hilo linaniuma, na nadhani akina mama wengi wa Assam linawauma pia.

Sasa turudi nyumbani. Wakati gani babu zetu wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba? Wakati wa kipwa. Mtama ulikuwa umevunwa, mvua imeondoka, maji yameshuka mashimoni, na kuanzia mwezi wa tano chifu alitoa neno, watu wakaenda kula shaba. Hivyo ndivyo walivyoitwa, wala shaba, na padri Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu wetu wa Katanga, aliandika habari zao mwaka 1926 wakati baadhi ya wazee wa kazi ile walikuwa bado hai. Tazameni kalenda. Wiki zilezile ambazo Assam wanafunga mlango wa ardhi, huku kwetu watu walikuwa wanaufungua. Kule mvua inaanza na ardhi inajiandaa kubeba mbegu, basi inaachwa. Kwetu ardhi ilikuwa imekwisha kuzaa mtama wake, ndipo ikaombwa itoe na kitu kingine. Mvua za kwanza ziliporudi, kazi ya shaba ilisimama, watu wakarudi mashambani. Hakuna aliyechimba mwaka mzima.

Na hiyo kazi ilikuwaje? Akina mama na watoto waliokota malakiti, yale mawe ya kijani, juu ya ardhi. Wanaume waliingia mashimoni na kuchoma makaa. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mivuo ilikuwa ya ngozi ya swala, na mzee wa kazi alikuja na dawa zake kabla moto haujawashwa. Shaba iliyotoka ikamiminwa kwenye vidimbwi vya mchanga kwa umbo la msalaba. Misalaba hiyo imefukuliwa makaburini kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, imelazwa juu ya miili ya watu waliozikwa karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kufika hapa. Misalaba mitatu ya umbo hilohilo ndiyo iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960.

Lakini lililonifanya nikumbuke Kamakhya ni tanuru lenyewe. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati, kwa wafua chuma na wafua shaba, tanuru ni mwanamke. Wachokwe walilifinyangia matiti kwa udongo, yakajitokeza mbele, mtu asikose kuelewa. Wafipa, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walilipamba na kulitunza kama bibi harusi. Madini yaliyotoka chini yake ndiyo mtoto. Mwanahistoria Eugenia Herbert alikusanya habari hizi kutoka nchi nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1993, na mwiko mmoja unarudi karibu kila mahali: wafanyakazi wa tanuru wasilale na wake zao siku za kazi, maana wameoa tanuru kwa muda huo, na mwanamke aliye mwezini asisogee. Damu inayotoka inasema kwamba mimba haikushika, na wao walikuwa wanamsubiri mama wa udongo ajifungue.

Wengine husoma mwiko huo wakaona chuki tupu kwa wanawake. Ninaona kuna hofu ndani yake, na kuna dhuluma pia, kwa sababu mpaka leo kwenye machimbo mengi ya mkono utasikia kwamba mwanamke akikanyaga mdomo wa shimo madini yanakimbia. Hapohapo yeye ndiye anayepewa kazi ya kuponda na kuosha mawe, amesimama majini kuanzia asubuhi, kwa malipo madogo kuliko ya wote. Watu wa Assam na babu zetu walitazama jambo moja. Waliona kwamba kinachotoka ardhini kinatoka kwa njia ambayo mtu hutokea tumboni mwa mama yake. Assam wakajenga juu yake sikukuu, kwetu wakajenga juu yake mwiko. Kote mwanamke wa nyama na damu amebaki kusimama nje ya mlango.

Hata hivyo Katanga haikumwacha mwanamke nje kila mahali. Kwa Waluba, mfalme alipokufa, roho yake ilipata mwili wa kukaa, na mwili huo ulikuwa wa mwanamke. Aliitwa Mwadi. Alikaa katika makao ya marehemu mfalme, akatunza masalia yake, akapewa heshima na ushuru, na mfalme mpya alipeleka kwake zawadi. Mfalme hai alitawala kutoka makao yake, na wafalme wa zamani waliendelea kusema katika makao yao kupitia midomo ya akina Mwadi. Wazee wa Kiluba walieleza kwamba mwili wa mwanamke peke yake ndio wenye nguvu za kubeba roho nzito kama ile. Ndiyo maana viti vya kifalme vya Kiluba vinabebwa kichwani na umbo la mwanamke, na fimbo za utawala zimechongwa wanawake, ingawa wanaokalia viti na kushika fimbo ni wanaume. Nendeni mkazitazame picha za vitu hivyo, maana vyenyewe vimetawanyika kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mtaona mwanamke ameshika matiti yake kwa mikono miwili, macho nusu yamefumbwa, na wataalamu wanasema siri za ufalme zimehifadhiwa hapo kifuani.

Kamakhya nako roho hukalia miili, ila kwa upande wa pili. Mwezi wa nane kuna siku za ngoma inayoitwa Deodhani. Wanaume kadhaa, wakulima na watu wa kawaida, hushikwa na miungu, wanacheza siku tatu kwa ngoma na matoazi, wanapanda juu ya makali ya mapanga, na watu wanawauliza habari za magonjwa na mavuno. Mtu wa Malemba Nkulu aliyewahi kumwona bilumbu, mpiga ramli wa Kiluba, akipandisha vidye, yaani roho, na chokaa nyeupe usoni, angekaa katika umati ule bila kuuliza maswali mengi.

Turudi kwenye ardhi, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na tangu hapo, kupitia miaka mji huu ulipoitwa Jadotville mpaka uliporudi kuwa Likasi, ardhi yetu haijaonja kipwa wala masika. Inafunguliwa usiku na mchana. Hapo jirani, Shinkolobwe, ilitolewa urani iliyokwenda kutengeneza bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Serikali ililifunga lile chimbo kwa amri mwezi wa kwanza mwaka 2004. Mwezi wa saba mwaka uleule shimo likaporomoka, watu wakafa, kwa sababu watu walikuwa bado wanaingia. Amri ya karatasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kumfanya mtu asimame mdomoni mwa shimo, mwenyewe, bila polisi, aseme leo hapaingiwi.

Mkulima wa Assam hana polisi wa kumzuia siku zile tatu. Jembe liko ukutani, shamba liko mbele yake, mvua imeanza, kila siku inayopita ni hasara kwake, na bado halichukui. Nimewaza sana juu ya mkulima huyo kuliko nilivyowaza juu ya watawa wote waliojipaka majivu. Babu yetu wa tanuru naye alikuwa hivyo. Alijua malakiti iko wapi, alikuwa na watu na makaa, na aliiacha mpaka mwezi wa tano ufike na chifu aseme.

Sidai kwamba Gécamines ifunge milango siku tatu kila mwaka kwa heshima ya udongo, ingawa, niwaambie ukweli, mtu akilileta wazo hilo mezani nitalipigia makofi. Ninachotaka ni kwamba tujue tulikuwa na utaratibu gani kabla ya kuambiwa kwamba hatukuwa nao. De Hemptinne aliandika kwa Kifaransa, na aliandika alichokiona yeye. Yaliyosemwa mbele ya shimo kabla ya kulifungua, nani alilifungua, nani alilifunga masika yalipokaribia, akina mama waliimba nini wakiokota mawe ya kijani, hayo yako vinywani mwa wazee, na yanakwenda nao.

Kwa hiyo nawaomba, wababa na wamama. Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa Kisanga, wa Kilamba, wa Kiyeke au wa Kiluba aliyesimuliwa na baba yake au bibi yake habari za wala shaba, mleteni studioni. Kama miguu haimruhusu, tupeni habari, tutamfuata sisi na kinasa sauti, awe Panda, awe Kambove, awe kijijini njia ya Bunkeya. Aseme kwa lugha yake, tutafsiri baadaye. Kipindi cha juma lijalo nimewaachia wao.